Usiku wa Sensa, Zherkovo

Lami inakata tamaa darajani.
Kutoka hapo ni kokoto, kisha matope, kisha imani yako,
kona kumi na saba hadi paa la kwanza,
paa la mawe kama mengine yote,
maana mlima huu hauna kingine cha kutoa
ila viazi, navyo huvitoa kwa ubahili.

Fomu yangu ina visanduku.
Mwinuko: mita mia tisa na arobaini juu ya bahari
ambayo nusu ya wenyeji hawajaiona.
Kaskazini, msitu wa misonobari.
Kusini, mpaka wa Ugiriki; usiku mbwa wa huku na wa kule
hujibizana bila pasipoti.
Mashariki, mgodi wa zinki, uliofungwa mwaka niliozaliwa.
Magharibi, ukingo wa bonde:
jua la Desemba hutumbukia humo saa tisa alasiri
na kuku hupanda kulala wakilalamika.

Nyumba sitini na nne.
Moshi, nane.
"Hesabu moshi, uondoke," alinishauri Rufat,
dereva wa basi la Alhamisi, "milango itakudanganya."

Ikanidanganya.
Emine na Salih wana paa moja na milango miwili,
hawajasemezana tangu ugomvi wa mbuzi
ambaye naye alishakufa.
Nikawaandika kaya mbili, kama walivyotaka,
ingawa chai niliyonywa kwake na niliyonywa kwake
ilitoka birika moja, ikipitishwa dirishani
na mkono usiokuwa na mwenyewe.

Mwalimu Ognyan ana ufunguo wa shule.
Wanafunzi? Alifikiri, kama swali lina mtego.
Wa mwisho anasuka watu nywele huko Plovdiv.
Kila Septemba anafungua madirisha, anafuta vumbi,
anafunga.
Kazi, aliniambia niandike: mwalimu. Nikaandika.

Kuna makaburi ya msalaba na makaburi ya hilali,
na mtu mmoja, Zdravko, anayefyeka nyasi za yote mawili
kwa panga lile lile.
Upande huo idadi inapanda, alisema,
na hakuna anayehamia mjini.

Kwa Stoilka nilikwama.
"Mwandike Genadi, mwanangu."
Genadi yuko Uhispania, anachuma stroberi, mwaka wa sita.
"Mama, sheria inasema: aliyelala hapa usiku wa sensa."
"Viatu vyake vipo."
"Viatu havilali."
Akanitazama kama mtu aliyeletewa chumvi
akaagiza sukari.
"Kitanda kile kina mtu," alisema. "Andika."
Sikuandika.
Jumla: kumi na mmoja. Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Theluji ilianza wakati nafunga mkoba.
Haikuanguka; ililetwa, kwa magunia.
Simu ya Rufat ilikuja ikikatikakatika:
daraja... hakuna... lala huko huko.

Nikalala kwa Stoilka, kitandani kwa Genadi,
chini ya blanketi la manyoya ya mbuzi lililonikuna shingo,
viatu vyake vimepangwa ukutani, vidole vikielekea mlango.
Mbwa wa Ugiriki walisema neno. Wa huku hawakujibu.
Saa sita ya usiku ikapita juu ya mlima,
saa ile ile iliyochapwa kwa herufi nzito
kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wangu,
nami nikiwa macho, nikiisoma gizani kwa kichwa.

Asubuhi alinikuta mezani na kifutio.
Kumi na mmoja haikufutika vizuri;
karatasi ya serikali ni nyepesi, ikatoboka kidogo.
Nikaandika kumi na wawili pembeni ya tundu.

Hakusema kitu. Alisukuma bakuli la maharage,
akasubiri niramba kijiko,
na wala hakungoja siku ya tatu:
akanipa koleo, akanionesha kwa kidevu
theluji, na mlango wa kuku.