Kisanduku cha Nne

Januari ishirini na tisa, mjini Cloquet,
baridi imeuma hata kufuli ya mlango;
nimeipulizia pumzi mara tatu ndipo ikakubali.
Ofisi ya mfuko wa pensheni ni chumba kimoja
juu ya duka la matairi.
Chini wanagonga vyuma. Juu nagonga tarakimu.

Wastaafu mia moja arobaini na mmoja,
wote wa kiwanda cha karatasi,
aliyebaki na vidole kumi hana masikio.
Kila mmoja ana karatasi yake, na kila karatasi
ina kisanduku cha nne: kodi iliyozuiwa,
kilichokatwa kabla mkono haujanyooshwa.

Kutoa ni moyo, husemwa.
Kukatwa je? Kukatwa ni fomu.

Eino Saarela alitaka akatwe kidogo tu.
"Nitapambana nao Aprili," alisema, na kila Aprili
huja na fuko la risiti kupambana na mimi.
Lempi Hautala anataka akatwe kupita inavyopasa
ili serikali imtunzie, maana mwanawe
anajua kopo anamoficha pesa za kahawa.
Na Duane Wuori, mwenye gari la kusukuma theluji,
si mstaafu, si wetu, tunamlipa kwa kazi tu.
Alikataa kunipa namba yake ya kodi,
nikamzuilia asilimia ishirini na nne,
mstari wa pili, peke yake pale
kama mbwa aliyefungiwa nje.
Tangu hapo huacha robo ya uwanja na theluji yake.
Nimepima kwa hatua. Ni robo kamili.

Sasa najumlisha.
Visanduku vya nne vyote, Ahola hadi Ylinen,
na mstari wa Duane juu yake,
vilingane na tulichopeleka Hazina mwezi kwa mwezi.
Havilingani.
Hazina ina dola mia mbili kumi na mbili zaidi.

Heri ingepungua.
Kilichopungua kina mwizi, utamsaka.
Kilichozidi kina nani?

Nimerudia kwa kikokotoo. Nimerudia kwa penseli.
Saa nane mchana, ndani ya bahasha ya benki
iliyoangukia nyuma ya kabati, nikamkuta:
Toivo Rautio,
aliyefariki Novemba kumi na tisa
akifunga kamba za kiatu cha pili.
Habari zilinifikia Desemba nne.
Tarehe mosi pensheni yake ilikuwa imeshatoka,
imekatwa sawasawa, kama alivyoagiza mwenyewe
kwa mwandiko uliolalia kushoto.
Benki ikarudisha sehemu ya kula.
Sehemu ya kodi ilikwishatangulia,
ikafika, ikapokelewa, ikapewa namba.
Mwezi mzima ameulipia naye hamo.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari ninalo, mistari yake imenyooka.
Habari ndiyo iliyochelewa,
imekaa jikoni kwa Helmi siku kumi na tano
kwa kuwa Helmi hakutaka kupigia ofisi yoyote simu
na kusema "alikuwa".

Fomu haina mstari wa jambo hilo.
Ina mstari wa kilicholipwa kupita kiasi
na visanduku viwili pembeni:
kipelekwe mwaka ujao, au kirudishwe.
Weka alama kimoja.

Mwaka ujao.
Nimeyatazama maneno hayo
hadi vyuma vikanyamaza chini.
Kisha nikatia alama kwenye kirudishwe,
nikapasha kalamu kwapani, nikatia sahihi.

Nimechukua karatasi nyingine, isiyo na namba juu,
nikaandika: Mpendwa Helmi.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Kuna pesa zitarudi, nazo si zako,
wala hazikuwa zake; ni za mfuko.
Nakuambia tu usije ukasikia kwa mwingine.
Karatasi ya Toivo itakufikia wiki hii.
Ina miezi kumi na mmoja.
Usishtuke.
Nimehesabu mara tatu.