Anayeuzika

Tulikuwa sita bandani kwa Msabila, Urambo,
tunachambua tumbaku kwa taa ya sola
iliyokwisha kuchoka tangu saa mbili.
Majani ya chini huku, ya katikati kule,
yaliyoungua tunayaficha tumboni mwa robota
(usijifanye hujui, nawe unafanya).
Keshokutwa treni. Mimi na Nyamizi
ndio wajumbe wa mkutano mkuu,
tumebeba kura mbili za wilaya nzima
na kila mtu anataka kuzipakata kidogo
kama kitoto kichanga.

Kasoga akaanza: "Msizitupe. Mpeni Nkinda.
Ana sura ya noti. Hata akinyamaza
unadhani amesema jambo.
Tena hana kabila la kumuudhi mtu."
Sikuuliza kabila gani humuudhi nani.

"Nkinda!" Nyamizi hakuinua macho.
"Pwani nzima haimjui. Rwezimula ana kofia,
ana fulana, zimeshashonwa ziko stoo.
Uchaguzi ni mafuta ya magari, baba. Hotuba ni chumvi."

"Na Bi Ng'humbi?" nikasema.

Yakabaki majani tu, yakisema ile lugha yao kavu.

Kila mmoja pale alimpenda.
Mwaka wa mvua ya mawe alikuja na mabuti ya mpira,
akasimama katikati ya shamba lililochanika,
hakuja na mpiga picha.
Akauliza bei ya mbolea, akauliza deni,
akaandika kiganjani kwa kalamu ya Msabila
akasahau kuirudisha.

"Ni mzuri," Kasoga akasema. "Ila hauziki."
"Hauziki," Msabila akaitikia, kwa huzuni ya kweli,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa dada yake.
"Hauziki kwa nani?"
"Kwa watu."
"Watu gani?"
"Wa huko." Kidole kikaelekea Nzega,
au Kahama, au popote penye giza.

Nina shemeji Nzega. Nikampigia usiku uleule.
"Ah, sisi huku yule mama tunamtaka sana," akasema.
"Wasiwasi wetu ni nyinyi wa Urambo.
Kweli mtampa mwanamke?"
Nilicheka mpaka salio likakata.

Miaka kumi na tisa nimeuza tumbaku.
Kuuzika nakujua.
Namjua mteuzi apitavyo mbele ya marobota,
hanusi, hashiki mara mbili,
anatupa karatasi ya daraja
na jasho lako la mwaka linapata jina.
Kuna msimu tuliambiwa wanunuzi wanataka rangi ya chungwa.
Tukakausha chungwa, bani zote, kuni zote, msitu ukapungua.
Wanunuzi wakashuka garini wakaulizia la limau.
Tulimtafuta aliyetuambia.
Msabila alisikia kwa Kasoga, Kasoga kwa karani,
karani kwa mke wa Msabila.

"Nyamizi," nikamwambia tukifunga robota la mwisho,
"tuseme Nzega haipo, Pwani haipo.
Wewe, wewe peke yako, ungempa nani?"
Akavuta kamba kwa meno, akakaza fundo.
"Swali kama hilo," akasema,
"usiniulize mbele za watu."

Treni ilichelewa saa tano.
Behewani vidole vyangu bado vinanuka shamba,
sabuni mbili hazikufua dafu.
Tulipoipita Tabora taa zikazimwa
na abiria wa mbele akaanza kukoroma kama mwenye nchi.
"Umeshaamua?" Nyamizi akanong'ona.
"Nimeamua."
"Unampa nani?"
"Anayeuzika."
Kitambo. Magurudumu. Kituo kisicho na jina.
"Hata mimi," akasema.

Tukajifunika khanga moja,
na hapana aliyemuuliza mwenzake
ni yupi.