Mlango wa Kumi na Tisa

Kila Majilio mimi, Walenty, mpiga kinanda wa parokia,
navaa koti la marehemu baba,
lenye mifuko mirefu kama lawama,
napita nyumba kwa nyumba kando ya mto Olza
nikigawa mikate ya Mkesha: myeupe, mikavu,
myembamba hata ukiuinua mmoja mbele ya taa
unaviona vidole vyako upande wa pili.

Nyumba ni arobaini na mbili.
Hodi napiga arobaini na moja.

Mlango wa kumi na tisa ni wa dada yangu, Otylia.
Miaka kumi na mmoja nimeupita
kwa mwendo wa mtu aliyeitwa mbele.
Tuligombania cherehani.
Shamba tuligawana vizuri, na nyumba, na hata kuku;
ikabaki cherehani ya mama, kanyagio limevunjika,
nami sijui kushona hata kifungo.

Jumapili ya tatu padre aliwasha mshumaa wa waridi
akatuagiza tufurahi.
Nilikuwa juu, ghorofa ya kinanda, napuliza vidole kwa baridi,
nikajiuliza: furaha nayo huamrishwa, kama kuruta?
Nikaanza kupiga. Kibonye kimoja kikakwama,
kikalia peke yake, kikalia, kikalia,
kanisa zima likageuka kunitazama,
na mtoto mmoja akacheka mpaka kofia ikamdondoka.
Nami nikacheka.
Sijui ni bawaba gani iliyolainika,
lakini nilisikia kitu kikifunguka.

Jumatatu theluji ilinishika njiani.
Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane.
Hapo miguu ikagoma.
Nikasali sala fupi, sala ya mwoga:
Bwana, Wewe ambaye mama yako alikosa chumba,
unajua kusimama nje ya mlango. Simama nami.

Hodi.

Otylia amezeeka. Nadhani naye aliniona hivyo.
Hakunikumbatia. Alisema,
"Kung'uta viatu."
Sijapata kusikia karibu iliyo tamu namna hiyo.

Bafuni mlikuwa na samaki wa Mkesha,
mnono, mwenye masharubu,
anazunguka kwenye beseni la kuogea kama hakimu aliyestaafu.
"Nimefanya kosa," alisema dada. "Nimempa jina.
Sasa nitamlaje?"
Tukamtazama, mabega yakigusana,
kwa kuwa bafu ni dogo.

Jikoni, pembeni, cherehani.
Imefunikwa kitambaa, juu yake chungu cha maua.
Hata yeye hajui kushona.

"Kila mwaka naandaa sahani ya mgeni asiyealikwa," alisema,
"kama alivyofanya mama. Usidhani ilikuwa yako."
"Sijadhani."
Akageukia dirisha. Birika likachemka, hakuna aliyelizima.

Nilimpa mkate wake. Akauvunja palepale.
"Otylia, Mkesha bado siku tisa!"
"Kwani tumengoja kidogo?"
Ukavunjika kwa sauti ya njiti ya kiberiti.
Nusu akanitia mkononi,
na makombo yaliyoangukia koti la baba
sikuyapangusa.

Nilikuwa nikidhani amani ni ukimya.
Ukimya nimelala nao miaka kumi na mmoja,
naujua unavyokoroma.
Kumbe amani huongea, hulalamika chai imepoa,
huuliza habari za goti lako,
hukukumbusha ulivyokuwa mwizi wa sukari.

Leo alfajiri, misa ya taa.
Watoto waliingia gizani na vibatari vyao vya kioo,
kimoja, kisha kingine, mpaka nguzo zikapata vivuli.
Nilianza wimbo wa kumwita Yeye ajaye,
nikikwepa kibonye kile kibovu.

Huku juu siwaoni walioketi nyuma.
Lakini katikati ya ubeti wa pili
mtu alikohoa, mara mbili, kavu, kwa kiburi,
kama alivyokohoa mama akitaka tumsikilize.

Nikaongeza ubeti ambao haumo kitabuni.