Jibu Swali Moja Tu

Ukumbi wa tatu, Tbilisi. Joto la bomba halifiki nyuma
na Profesa Otiashvili anachora maduara mawili ubaoni.
"Dola," asema, "ni gololi.
Usiulize ndani mna nini. Tazama inagongana na nani."
Chaki inakatika. Tunanakili.

Uhalisia: hakuna polisi juu ya mataifa,
kila mmoja na alale na rungu lake mvunguni.
Nikaupigia mstari kwa wino mwekundu,
kisha nikakumbuka simu ya Jumapili,
bibi yangu Nazibrola akipaza sauti
kana kwamba umbali ndio uziwi:
"Usiku wamesogeza waya! Safari hii umeruka kisima.
Mitufaha saba iko kwao, choo kimebaki kwetu."
Akacheka. Akakohoa. Akauliza kama nimekula.

Uliberali una kurasa arobaini na mbili.
Taasisi, mikataba, bandari: wauzianao hawauani.
Bibi aliwauzia watu wa ng'ambo matufaha miaka thelathini,
wakamlipa kwa unga na petroli,
wakacheza hadi alfajiri harusini kwa mwanawe.
Hilo niliweke wapi? Kwenye tanbihi?

Irakli, akaaye mbele, anaipenda nadharia ya tatu:
kwamba mpaka ni maneno tuliyokubaliana kuyaamini,
na uadui hufumwa kama soksi,
kwa hiyo huweza kufumuliwa.
Nami naipenda, hasa usiku.
Lakini waya ule una miiba, Irakli,
na ng'ombe wa jirani, ambaye hakukubaliana na mtu,
alirudi kiwele kimechanika.

Leo karatasi imegeuzwa: *Jibu swali moja tu.
Dola hutafuta nini: nguvu, faida, au utambulisho?
Toa mifano.*
Saa mbili. Kalamu inavuja.
Naandika nguvu, nakata.
Naandika faida, nakata.
Msimamizi anapita, viatu vyake vinalia kama bata.

Mwishowe naandika juu ya askari mmoja,
kijana, hata ndevu hajaota,
Oktoba, upande ule wa waya,
aliyejaza kofia yake ya chuma matufaha ya bibi
akawa anamrushia moja moja juu ya miiba,
kimya, akitazama nyuma kila mara;
naye bibi akiyadaka kwa aproni
na kumkaripia kwa Kirusi chake cha shule:
"Taratibu, we mtoto! Yatachubuka!"

Nilipata sitini na moja.
Pembeni, kwa penseli: "Hiki ni kisa, si hoja.
Nadharia iko wapi?"
Na chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi,
kama wa mtu mwingine:
"Yalikuwa matufaha ya aina gani?"