Mara Tatu Tu

Kasisi Chalula aliliandika ubaoni kwa chaki,
kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayerudi nyumbani:
rahaf.
Herufi tatu. Irabu hakuna.
Limekauka, akasema Ndahani, kama Hombolo mwezi wa kumi.

Katika maandiko yote ya Waebrania wa kale
kitenzi hiki kimeonekana mara tatu.
Tatu tu. Hata mvua yetu haina uchoyo huo.

Mara ya kwanza ni kabla ya nuru:
giza limelala juu ya vilindi,
na pumzi ya Mungu inafanya (inafanya nini?)
juu ya maji.
Mara ya pili ni tai na makinda yake.
Mara ya tatu ni nabii aliyepasukwa na moyo,
na mifupa yake yote, mmoja mmoja,
inafanya jambo lilelile.

Sasa niambieni, akasema Kasisi akijifutia chaki kwenye suruali,
ni kitenzi gani cha Kigogo kitakachombeba
Mungu, ndege na mifupa kwa safari moja?

Mimi kazi yangu ni kupiga chapa.
Nilisubiri, vidole juu ya vibonye.

Siku mbili walibishana.
Kutulia? Kinachotulia kimekunja mbawa.
Kuelea? Hata kibuyu huelea.
Kuatamia? Hapo Kasisi akanyamaza, akafungua daftari lake:
Washamu wa zamani walilitumia hivyo,
ndege juu ya mayai, joto lisilo na kelele.
Lakini viko vibao vya udongo vya Ugariti, vikongwe kuliko hao,
na humo mungu wa kike anazunguka angani katikati ya tai,
akimtafutia kijana kifo.

Basi neno moja, akasema Ndahani, linaangua na linaua.
Hakuna aliyecheka.
Upepo uliinua bati la paa, ukalirudisha.

Saa saba nikabeba bakuli langu hadi bwawani.
Mdiria alikuwa amesimama hewani.
Hakwenda mbele, hakurudi nyuma.
Mbawa zilitetemeka hadi zikawa ukungu,
ila kichwa kilikuwa kimya,
kimefungwa kwenye maji kwa uzi nisiouona.

Ugali ukapoa.

Maana mkono wangu ulishawahi kufanya hivyo.
Hospitali ya mkoa, Dodoma mjini, wodi ya mwisho.
Mtoto wa miezi saba, kilo moja na robo,
ndani ya sanduku la kioo lenye joto la kuazima.
Muuguzi Edita alisema: usimguse bado,
ngozi yake haijakomaa. Weka mkono hapo juu tu.
Nikauweka.
Usiku kucha haukutua, wala haukuondoka.
Ulitetemeka kuanzia begani,
na mifupa yangu, mmoja mmoja,
ilisema kitu ambacho kinywa kilikuwa hakijakijua.
Sikujua kama nilimwatamia au nilimlilia.

Nikarudi ofisini. Sikueleza.
Nilinyoosha mkono juu ya daftari la Kasisi,
nafasi ya kidole kimoja, nikauacha hapo
hadi ulipoanza wenyewe.
Ndahani aliangalia. Kasisi alivua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Niseme kweli: neno halikupatikana.
Waliandika moja kwa penseli, wakalifuta.
Wakaandika jingine, wakalifuta.
Karatasi mahali pale imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu;
ukiiinua dirishani, mwanga unapita.
Kwenye kompyuta nimeacha pengo, nikalipaka rangi ya njano
ili nisilisahau. Kana kwamba ningeweza.

Lameki yuko darasa la nne sasa.
Hataki kushikwa mkono tukivuka barabara ya Ihumwa,
wenzake watamcheka.
Basi anatangulia, begi likimpigapiga kiunoni,
na mimi nyuma yake,
kiganja karibu na kisogo chake,
hakigusi.