Minne na Nusu

Wiki nzima nimesimama Miyomboni
nikijifanya nasubiri mtu.
Bango langu liko ukutani,
gundi ya unga wa ngano haijakauka bado
kwa manyunyu haya ya Machi
yasiyojua kunyesha wala kuacha.

Miaka yote ya tamasha
tulikuwa na dada mweupe, meno thelathini na mawili yote nje,
bilauri ya mguu mrefu mkononi,
povu limesimama kama nywele zilizotoka saluni.
Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.
Ulanzi tunaunywa kwenye kopo la plastiki
na hakuna aliyesema neno.

Mwaka huu kamati ikaniambia: tuchoree kitu chetu.
Nikachora mkono.
Mkono tu, kuanzia kiwiko, na kopo la bluu,
na nyuma yake mianzi mitatu iliyokatwa ncha.

"Sasa mtu yuko wapi?" akauliza dereva wa bajaji.
"Mkono wa mchawi huo," akasema binti wa duka la vitenge,
akaupiga picha, akamtumia dada yake Makambako.
Mzee wa kanisa, ambaye kila mwaka huhubiri dhidi ya tamasha,
akasikitika: yule dada wa zamani
alau alikuwa amevaa vizuri.
Mwalimu Chengula akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akahesabu kwa sauti kama yuko darasa la kwanza:
"Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Na nusu.
Huyu kijana hajui kuchora vidole."
Kijana ni mimi. Nikatikisa kichwa pamoja naye,
nikasema, vijana wa siku hizi.

Kikoti wa Mlandege, ambaye saa nne asubuhi
alikuwa amekwisha kulewa,
peke yake alilisogelea, akalinusa,
akaliegemea kama bega la shemeji.

Alhamisi akanipigia Bwana Luhwago wa kamati.
"Malizia kile kidole.
Wako wanaosema tumewadhihaki walemavu,
wako wanaosema tumekosa hela ya kidole kizima."
Nikamwambia rangi imeisha.
"Rangi gani inayoishia katikati ya kidole?"

Iliishia Kilolo, Bwana Luhwago,
kwenye shina la mwanzi,
masika ya mwaka niliofaulu kwenda sekondari.
Mgema alikuwa anataka nusu ya mauzo,
basi mama akagema mwenyewe, alfajiri na jioni,
kushoto ameshika mwanzi, kulia kisu,
na mwanzi uliolowa hauna urafiki na mtu.
Alikifunga kwa pindo la kanga
akauza mpaka giza.
Ada ikatimia, kasoro shilingi mia mbili.

Hayo sikuyasema kwenye simu. Nilisema, nitaangalia.

Jumamosi akashuka mwenyewe, juu ya lori la viazi,
kushoto amekuficha ndani ya kitenge kama kawaida yake.
Kamwene huku, kamwene kule,
watu wakampisha asogee naye acheke.
Hakucheka.
Aliutazama ule mkono muda mrefu,
nami nimesimama pembeni, jasho kwenye baridi,
kama siku zile napeleka ripoti ya shule nyumbani
nikiwa nimeikunja mara nane.

"Kopo umelijaza mno," akasema.
"Mimi sijawahi kujaza hivyo.
Kwa kipimo hicho
usingesoma."

Akaenda kutafuta chumvi.

Usiku nikarudi na ngazi na brashi.
Kidole sikukigusa.
Nilishusha ulanzi tu, upana wa vidole viwili,
ukingo wa bluu ukaonekana.

Jumapili, watu wakitoka ibadani,
wakalizunguka bango upya.
Mwalimu Chengula hakuhesabu kitu safari hii.
Alisogeza pua, akarudi nyuma, akageukia umati:

"Mmeona? Hata kwenye picha
wanatupunja!"