Kidonge cha Saa Mbili

Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza,
namwekea baba kidonge kwenye kisosi,
kikubwa, rangi ya tofali bichi.
Hukigeuza kwanza kwa dole gumba
kama anayepima jiwe: lina kitu, halina kitu.
"Zinki," anakiambia. "Nilikutoa chini kwa toroli
miaka ishirini na saba.
Leo waniingia kwa mdomo."

Kule Cagliari, Daktari Ornella Sanna
alitufungulia picha ya jicho lake:
sahani ya rangi ya chungwa, mishipa kama mizizi,
na katikati, pale panaposoma majina na kutambua nyuso,
vitone vya manjano vimetapakaa.
"Mashapo," akasema. "Mafuta, protini, chembe za kalsiamu.
Zinki pia imo."
Baba akacheka hadi kiti kikalia.
"Kumbe hata humu wamemwaga kifusi!"

Mimi sikucheka.
Kilima chekundu cha matope ya mgodi
nakiona kila ninapoanika nguo, hapa Iglesias.
Kampuni ilikwenda, mshahara wa mwisho haukuja,
kilima kikabaki.

Nikauliza: ikiwa zinki imo kwenye kifusi,
mbona tunamwongezea?
Daktari akavua miwani, akaifuta, nayo haikuwa na vumbi.
"Retina haiishi bila zinki.
Hiyo ya kwenye mashapo imekwama, haifanyi kazi.
Kwa nini imekwama, hatujajua vizuri."
Nikampenda kwa neno hilo moja, hatujajua.

Kidonge hakirudishi kilichokwenda, akatuonya.
Hupunguza mwendo tu, tena kwa baadhi ya watu.
Na ndani yake wametia shaba kidogo,
maana zinki ikizidi huifukuza shaba mwilini
na damu ikapauka.
"Wasimamizi wawili, shimo moja," baba akasema,
"nawajua."

Chuma ndicho asichokitania.
Mwaka sitini na moja, Gavino mdogo wake
alipiga patasi, kibanzi kikaruka,
kidogo kuliko punje ya chumvi.
Hakikuuma sana. Akanawa, akala mkate wake,
akarudi kazini.
Miezi ikapita, jicho la kijivu likageuka hudhurungi,
usiku ukawa mzito upande mmoja.
Kutu ilikuwa ikienea ndani kwa ndani
kama ya msumari uliosahauliwa kwenye ubao wa majimaji.
Sumaku ya hospitali ilikitoa kibanzi.
Nuru haikuwa na sumaku yake.
Mwenye macho haambiwi tazama, watu husema.
Baba mdogo aliambiwa tazama maisha yake yote,
na kila mara akageuza kichwa kizima.

Mlangoni pa friji nimebandika karatasi ya miraba.
Asubuhi baba hufunika jicho moja kwa kiganja
na kunieleza mistari imekaaje.
Jumatatu: "Imenyooka kama reli."
Alhamisi: "Hapa kushoto, dari imeanza kushuka."
Nikashika simu kabla sijazima jiko.
Mchimbaji akisema dari inashuka,
huulizi mara ya pili.

Walimchoma sindano jichoni, wiki ile ile.
Dari imesimama, kwa sasa.

Jana usiku nilikaa mbele yake na kisosi.
"Mbona una huzuni, Bonaria?"
Alikuwa akitazama sikio langu.
Ndivyo auonavyo uso siku hizi, kwa kuukwepa:
ukimkabili, unamezwa na doa;
ukimpa pembe, unarudi, pua, kovu, yote.
Nikasogea kidogo kushoto
ili nionekane.

Akameza. Akanywa maji hadi tone la mwisho
kama walivyofundishwa kule chini.
Kisha akainua pua kuelekea dirishani:
"Mvua imenyesha?
Kilima kinanuka."